Mashine Iliyofuta Ugomvi

Otmari Nyoni aliinamia kipaza sauti cha kofia yake, akavuta pumzi, akapiga kelele: "Yusta! Mla mbwa wewe! Toa hilo toroli njiani kabla sijashuka huko nikakubeba pamoja nalo kama gunia la maranda!"

Chini, hatua arobaini kutoka kibanda chake cha kioo, Yusta Mhapa alisikia sikioni sauti ileile ya Otmari, yenye mkwaruzo uleule, ikisema: "Dada Yusta, habari za asubuhi. Ukipata nafasi, ningeshukuru kama toroli lingesogezwa kidogo. Unafanya kazi nzuri."

Yusta akageuka, akatazama juu. Wazo la kwanza lililomjia ni kwamba Otmari anaumwa. Miaka kumi na tisa wamefanya kazi pamoja, na Mngoni yule hajawahi kumwita dada. Siku atakapomwita dada, Yusta alishasema, ndiyo siku ya kwenda kununua sanda.

Hiyo ilikuwa asubuhi ya kwanza ya Kilainishi katika kiwanda cha mbao cha Kipengere, mjini Makambako, mwaka 2071. Mji wakati huo ulikuwa umejaa mapanga ya kufua umeme wa upepo vilimani na roboti za kubeba magogo barabarani, lakini watu walikuwa bado ni watu, na hilo ndilo lililowakera wakubwa. Roboti haigombani na mwenzake. Roboti hainuni. Basi wakaona heri watu nao wafanywe hivyohivyo.

Kilainishi chenyewe kilikuwa kitu kidogo kama punje ya haragwe, kimefungwa ndani ya kofia ngumu ya kila mfanyakazi. Kwa kuwa mashine za pale zilipiga kelele ya kupasua masikio, watu wote walizungumza kwa kofia: neno lilitoka mdomoni kwa huyu likaingia sikioni kwa yule. Kilainishi kilikaa katikati ya njia hiyo kama mgambo kwenye kizuizi. Kilipima ukali wa kila sentensi, daraja la kwanza mpaka la kumi. Sentensi iliyofika daraja la tatu ilikamatwa, ikavuliwa nguo, ikavishwa nyingine, ikatolewa kwa sauti ya msemaji yuleyule, na yote hayo kabla hujapepesa jicho. Aliyesema hakujua kimefika nini. Aliyesikia hakujua kimetoka nini.

"Maana haiguswi," alisema Bwana Eliamani, mtaalamu wa maelewano kazini, aliyeletwa kutoka makao makuu na shahada zake tatu na viatu ambavyo havijawahi kukanyaga maranda. "Maana haiguswi hata kidogo. Kinachopunguzwa ni ukali tu."

Ukali tu! Kama kwamba pilipili ukiitoa ukali bado utaiita pilipili. Lakini nani angemjibu? Alikuwa na chati za rangi, na meneja alikuwa akitikisa kichwa kila baada ya sentensi kama mjusi ukutani.

Hayo aliyasema mchana wa siku hiyo ya kwanza, wafanyakazi wakiwa kwenye kantini, bila kofia. Otmari aliinua mkono.

"Mtaalamu, sasa mimi nikitaka kumtukana huyu Mhehe nifanyeje?"

"Kwa nini utake kumtukana mwenzako?"

"Nisipomtukana atajuaje kwamba nipo naye?"

Watu wakaangua kicheko. Bwana Eliamani hakucheka. Aliandika kitu kwenye kibao chake.

"Na mimi," Yusta akadakia, "nisipomkumbusha huyu kwamba ukoo wao ulikula panya wote wa Songea, wakabaki wanagombania mikia, siku yangu itaanzaje?"

"Hiyo," alisema Bwana Eliamani taratibu, kama mtu anayemfundisha mtoto kunawa, "tunaiita lugha ya uhasama iliyovaa nguo za mzaha."

Hebu fikiria. Mtu ameacha shule juzi, anakuja kumfundisha Mngoni na Mhehe maana ya utani. Mababu zao walipigana mpaka wakachoka, na walipochoka wakaanza kutaniana. Tangu hapo mtani akikuambia neno huna ruhusa ya kununa. Anaweza kukutukana msibani, anaweza kuchukua kuku wako uani, nawe utacheka. Pale kiwandani desturi hiyo ilikuwa na kazi. Watu wawili wakikosana, hawakupelekwa kwa meneja. Walikalishwa kwenye meza ya chai saa nne, akaitwa mtani wa mmoja na mtani wa mwingine. Mara ile fundi umeme na mtunza stoo walipogombana kwa ajili ya buti zilizopotea, mpaka wakafikia kushikana mashati, Otmari aliwaweka pale akamwambia mmoja ana kichwa kama tenga la nyanya, na mwingine ana roho ya kunguru wa sokoni. Aliwatukana mpaka wakashindwa kujizuia, wakacheka. Ndipo akawauliza, "Haya. Mmekwisha kucheka. Sasa semeni, kuna nini?" Nao wakasema, na buti zikapatikana, na kila mmoja akatozwa faini ya kuku.

Meza hiyo, kwenye chati ya Bwana Eliamani, ilikuwa doa jekundu: mahali penye matusi mengi kuliko pote kiwandani. Ikafutwa. Mapumziko ya chai yakagawanywa, kila idara na saa yake, hata muda wa kutoka getini ukatofautishwa, ili watu wasikutane kwa wingi wakasuguana. Ukutani ukawekwa ubao wa taa unaohesabu siku zilizopita bila ugomvi. Siku kumi. Siku ishirini. Wageni wakawa wanaletwa kuupiga picha.

Na kweli hapakuwa na ugomvi. Hata kaburini hakuna ugomvi.

Yusta wakati huo alikuwa supavaiza wa wakwanguaji, na mmoja wa wakwanguaji wake wanne alikuwa binti yake wa pekee, Felista, mwenye miaka ishirini na mbili. Mama mwenyewe ndiye aliyemwombea kazi. Alikuwa na hofu naye, hofu ya kawaida ya mama. Siku ya kwanza alimwambia Otmari, "Mtani, huyu ndiye niliye naye. Jicho lako liwe hapo." Otmari akajibu kwamba hawezi kulinda kitoto cha Kihehe bila kulipwa jogoo. Yusta akampelekea jogoo.

Kazi ya wakwanguaji ilikuwa kwenye mashine iliyoitwa Shindilio. Lilikuwa na mabamba mawili ya chuma, moja chini na moja juu, kila moja uzito wa lori lililojaa. Maranda yaliyochanganywa na gundi yaliwekwa katikati, bamba la juu likashuka, likakandamiza, ubao ukatoka. Shindilio lilijiendesha lenyewe. Otmari alilitazama tu kutoka kibandani kwake. Kila baada ya mbao arobaini bamba la juu lilipanda, komeo la chuma likaingia chini yake kulishikilia, na hapo mkwanguaji akaingiza mikono kukwangua ukoko wa gundi. Bila komeo, bamba lile lilishikiliwa juu na shinikizo la mafuta ya mashine tu.

Siku ya arobaini na nane bila ugomvi, Otmari aliona komeo linachelewa. Bamba likapanda, akahesabu moja, mbili, ndipo komeo likaingia kwa kusitasita. Alipiga kelele. Yusta, chini, akiwa anapanga zamu, alisikia:

"Dada Yusta, nimeona komeo lina nafasi ya kuboreshwa. Tunaweza kulizungumza siku moja. Msalimie Felista."

Yusta alikuwa amechoka, na kazi imerundikana, na mtaalamu alikuwa amesema maana haiguswi, basi hakuona la haraka. Akajibu kwa hasira, "Kama komeo lina shida mwambie fundi! Mimi nina watu wanne na kazi ya watu wanane, usiniletee hadithi za boresha boresha hapa!"

Akatazama juu. Otmari alikuwa amesimama kibandani anapunga mikono yote miwili juu ya kichwa. Yusta akadhani anamsalimia. Naye akampungia.

Kesho yake Otmari alisema tena, na kesho kutwa tena, na maneno yalifika vilevile, laini kama uji wa mgonjwa. Yusta aliyajibu vilevile. Siku ya nne Otmari hakusema kitu.

Siku ya hamsini na tatu, saa tano asubuhi, Felista aliingiza mikono kwenye Shindilio. Yusta alikuwa amempa mgongo, anahesabu visu vya kukwangulia. Akasikia sauti ya mwanawe sikioni, tulivu, kama mtu anayeomba chumvi mezani:

"Mama, naomba msaada ukipata nafasi."

"Subiri kidogo, mwanangu," Yusta akasema. "Namalizia hapa."

Alimalizia. Alihesabu visu vitano vilivyobaki. Alipogeuka aliona watu wanakimbia, aliona Otmari anateremka ngazi za kibanda anaruka tatu tatu, na Shindilio limesimama kwa sababu Otmari alikuwa amekwisha kukigonga kitufe chekundu cha kuzimia. Aliona mdomo wa Felista uko wazi kabisa. Kilainishi kilikuwa kimepima kelele ile, kikaipa daraja la kumi, kikailainisha.

Mkono wa kulia ulikatwa hospitali, juu ya kiwiko.

Baada ya wiki mbili waliitwa ofisini kwa meneja. Bwana Eliamani alikuwepo na kibao chake. Taarifa ilisomwa. Taarifa ilisema mawasiliano yote kati ya wahusika yalikuwa ya heshima na ushirikiano, hapakuwa na dalili yoyote ya mgogoro, na kwamba mwendeshaji Otmari Nyoni hakutoa onyo linaloeleweka. Ilipendekezwa aachishwe kazi. Ubao wa ukutani, siku hiyo, ulisema sitini na saba. Hakuna aliyeona sababu ya kuurudisha sifuri. Mkono si ugomvi.

Hapo ofisini hawakuwa na kofia. Yusta alimgeukia Otmari.

"Uliona," alisema. "Uliona komeo limeharibika, ukaniletea maneno ya kubembeleza. Eti siku moja tutalizungumza. Jogoo wangu ulikula, mwanangu ukamwacha."

"Mimi?" Otmari alisimama. "Mimi nimebembeleza? Nimekupigia kelele siku tatu mpaka nikatema damu! Nawe ukaniambia umeelewa!"

"Nimekuambia saa ngapi nimeelewa? Nilikuambia uniondokee!"

Walikuwa wanatazamana kama watu waliokuta nyumba yao ina chumba ambacho hawakukijua.

"Sauti ghafi," alisema Otmari polepole. "Sheria inasema mnazitunza sauti zilivyotoka mdomoni. Zifungueni."

"Sishauri," alisema Bwana Eliamani. "Zitawaumiza. Lengo letu hapa ni kulinda uhusiano."

"Kijana," alisema Yusta, "mwanangu hana mkono. Unalinda nini?"

Zikafunguliwa. Kwanza ilikuwa ya siku ya arobaini na nane. Sauti ya Otmari ilijaa ofisini mpaka glasi ya maji ya meneja ikatetemeka:

"Yusta! Mpumbavu wewe! Umekuwa kipofu? Komeo limekufa! Usimwingize mtu mle! Usimwingize Felista, naapa kwa kaburi la mama yangu, bamba likishuka utamzoa mtoto kwa koleo! Unasikia, mla mbwa mkubwa wewe? Koleo!"

Kisha wakasikilizishwa kilichofika sikioni kwa Otmari siku hiyo. Ilikuwa sauti ya Yusta, tamu, haina haraka: "Asante sana kwa taarifa, mtani. Nimekuelewa. Nitalishughulikia."

Siku tatu mfululizo. Siku tatu Otmari alitukana na kuapa, na siku tatu Yusta akamshukuru. Siku ya nne Otmari akanyamaza kwa sababu alikuwa ameridhika.

Ikafunguliwa na ile ambayo Otmari alimtumia meneja. "Wewe toka kwenye hicho kiti uje uone mwenyewe kabla hatujazika mtu!" Kwa meneja ilikuwa imefika hivi: "Kuna fursa ya kuboresha komeo." Meneja alikuwa ameiweka kwenye orodha ya mapendekezo ya robo mwaka ijayo, namba kumi na nne, chini ya maua ya getini.

Meneja alitazama mikono yake. Bwana Eliamani alikohoa.

"Mfumo ulifanya kazi kama ulivyopangwa," alisema. "Hata hivyo, tunaweza kuongeza orodha ya maneno ya dharura. Neno koleo, kwa mfano, halikuwemo."

Mwacheni. Wapo wengi wa namna yake, na wanazidi kuongezeka. Mtu akiwaka moto watampulizia marashi, kisha wataandika taarifa kwamba hakunuka. Ninyi mlio na watoto makazini, msiulize kama huko kuna amani. Ulizeni kama mtu akipiga kelele anasikika.

Otmari hakuachishwa kazi siku hiyo, maana waliogopa sauti zile zisitoke nje. Kwenye korido Yusta alimkamata ukosi wa shati. Walizozana pale nusu saa nzima, kwa sauti, makarani wakichungulia milangoni. Yusta alimwambia kwamba mtu mwenye akili angeshuka ngazi. Otmari akasema ni kweli, angeshuka, na hilo atakufa nalo. Otmari naye akamwambia kwamba supavaiza mwenye akili angekwenda kulitazama komeo kwa macho yake, hata kama amebembelezwa. Yusta akasema ni kweli. Hakuna aliyemwambia mwenzake amefanya kazi nzuri. Walipomaliza walikuwa wamelowa jasho, na wakaenda hospitali pamoja.

Felista alikuwa amelala ametazama ukuta. Tangu aamke hakuwa amesema neno lisilo la lazima: maji, hapana, zima taa. Otmari alisimama miguuni pa kitanda, akavua kofia yake ya sufi, akaikunja.

"Haya, mla mbwa mdogo," alisema. "Mkono umempa mbwa gani?"

Muuguzi aliyekuwa anabadilisha dripu akashtuka. "Mzee! Huna adabu?"

Lakini Felista alikuwa amegeuka. Alimtazama yule mzee, na mdomo wake ukaanza kucheza, kicheko kikatoka, kibaya, chenye kamasi, kikaisha kwa kilio. Ndicho kilio chake cha kwanza. Otmari alisubiri mpaka kikatulia kidogo, akasema atakuja kesho kutukana tena, akaondoka.

Jioni ile alikuja Bwana Eliamani. Alileta matunda, na kisanduku kidogo cheupe. Alimwita Yusta nje ya mlango.

"Mama," alisema, safari hii kwa unyenyekevu, "tunajua katika hali kama hii binti huwa na hasira na mzazi. Atasema maneno mazito. Kampuni imetengeneza Kilainishi cha nyumbani. Unavaa wewe tu, yeye hatajua. Utasikia anachohitaji, bila kuumia. Ni bure."

Ingekuwa rahisi kusema kwamba Yusta alikitupa usoni pake. Hakukitupa. Alikipokea. Kwa wiki mbili hakuwa akilala kwa kuogopa siku Felista atakapofungua mdomo. Alijua atakachoambiwa. Alikuwa amekisikia mara elfu kichwani mwake, na kila mara kwa sauti ya daraja la kumi. Alifungua kisanduku, akaiona punje ile kwenye pamba, safi, tayari. Kuivaa ni kama kufukuza nzi sikioni. Angeingia, angekaa, mwanawe angemwaga yote, na yeye angesikia: Mama, nimechoka kidogo, asante kwa kuja.

"Umeshaivaa wewe?" alimuuliza Bwana Eliamani.

"Mimi?"

"Nyumbani kwako. Mkeo akikasirika."

Bwana Eliamani akatazama viatu vyake. Yusta alifunga kisanduku, akakiweka juu ya matunda, akamrudishia vyote viwili. Hakusema asante. Akaingia ndani, akafunga mlango, akavuta kiti karibu na kitanda mpaka magoti yake yakagusa shuka.

Felista alikuwa anamtazama.

"Nilikuita, Mama," alisema.

"Uliniita."

"Nilipiga kelele mpaka nikahisi koo linachanika."

"Mimi nilisikia..."

"Najua ulisikia nini. Wamenieleza. Wote mnakuja kunieleza." Felista alijiinua kwa mkono mmoja, ukamshinda, akajiinua tena. Yusta alitaka kumsaidia, akajizuia. "Lakini mimi nilisikia ulichosema. Kile hakikulainishwa. Ukaniambia nisubiri."

"Ndiyo," alisema Yusta. "Nilikuambia usubiri."

"Nina hasira na wewe."

"Iseme."

"Nitapiga kelele."

"Piga, mwanangu."

Felista akapiga. Alimwambia mama yake maneno ambayo mtoto wa Kihehe hamwambii mama yake, akamwambia kuhusu visu vile alivyovihesabu, akamwambia asiwe anamgusa, akamwambia asiondoke. Wauguzi wawili wakaja wakikimbia, wakafungua mlango. Yusta, bila kugeuza uso, aliwanyooshea kiganja wasimame hapohapo, maana alikuwa anasikiliza.